Nguo za kazini zimenikataa tangu nijifungue

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja: mama kajifungua, likizo imeisha, anatakiwa ofisini, kabati limejaa ila hana cha kuvaa. Nimezisoma zote, zingine mara mbili, nikaona safu nzima ya mwezi huu niiachie jambo hili maana kwa asiyelipitia linaonekana dogo lakini linamkosesha mtu amani tangu anapoamka. Twende.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama wa watoto wawili, huyu wa pili ana miezi 7, na huu ni mwezi wa 3 tangu nirudi ofisini. Shida yangu ni nguo. Za zamani zote zimenibana, suruali hazipandi mapajani, blauzi zinaachia kwenye vifungo vya kifuani, ila sitaki kununua zingine maana najua mwili utarudi na ntakuwa nimetupa hela bure. Nina gauni moja jeusi pana ndo navaa navua, juu yake sweta hata kukiwa na joto. Zamani nilikuwa mtu wa kusimama mbele nikatoa ripoti, siku hizi nakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango na nikiulizwa kitu najibu nimekaa. Mume wangu anasema niko sawa tu ila mwenyewe najiona siko sawa. Sasa nisubiri mpaka lini? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hicho kiti cha nyuma nakijua. Niliporudi kazini baada ya mtoto wangu wa kwanza nilivaa sketi yangu ya kijivu niliyoipenda kuliko zote, zipu ikakataa kufika juu, nikaibana na pini alafu nikashushia blauzi. Kikao kilikuwa cha masaa 2 na masaa yote 2 nilikaa nimekumbatia faili tumboni, mkono wa kushoto haukutoka pale, nikisogea kidogo pini inanichoma ubavuni. Mkuu wangu aliponiuliza takwimu ambazo nilikesha nazo mwenyewe usiku kucha, zilinitoka kichwani zote, maana akili ilikuwa kwenye pini. Nilirudi nyumbani nikalia, na sikulilia unene, nililia kwa sababu kazi nilikuwa naiweza kabisa na kipande cha nguo ndo kilichoninyima nafasi ya kuonyesha.

Kwahiyo nikikwambia usisubiri nakwambia kwa moyo wangu wote. Hebu tuliangalie hilo la mwili kurudi. Mfuko wa uzazi wenyewe unanywea hadi karibu na ukubwa wake wa zamani ndani ya wiki 6 hivi, ndo maana hiyo wiki ya 6 inatajwa sana, lakini mfuko wa uzazi sio tumbo. Ngozi imevutika, misuli miwili inayoshuka katikati ya tumbo iliachana ili mtoto apate nafasi na kwa wengi inachukua miezi kukaribiana tena, kwa wengine uwazi unabaki mpaka wafanye mazoezi maalum (ukiona katikati ya tumbo panatokeza kama tuta pale unapoinuka kitandani, mwone mtaalam wa mazoezi ya viungo kwanza, usikimbilie kupiga sit-up kwa pupa). Nyonga zinaweza kubaki zimepanuka kidogo. Hata nyayo, kuna wanawake miguu inarefuka wakiwa wajawazito na hairudi tena, sio uvimbe ule, ni mguu wenyewe umekuwa mrefu. Sasa ukisema unasubiri mwili urudi unasubiri tarehe ambayo hakuna aliyekupa, na huku nyuma unaenda kazini kila siku, siku 5 kwa wiki, ukiwa umejificha ndani ya sweta.

Kuhusu kutupa hela. We fikiria, nguo inayovaliwa mara 60 kabla haijakuwa kubwa imeliwa faida yake yote. Ile iliyotundikwa kabatini ikisubiri upungue ndo hela iliyolala. Na ikitokea umepungua kweli, fundi yupo, nguo kubwa inapunguzwa ila nguo ndogo kuongezwa ni mpaka fundi wa mwanzo awe ameacha kitambaa ndani ya mshono.

Sasa fanya hivi. Chagua siku mtoto amelala au yuko na mtu, sio asubuhi ya kazi maana asubuhi ya kazi unachagua kwa hasira. Toa kila kitu kabatini ukiweke kitandani, vaa kimoja kimoja. Inayokaa vizuri leo irudi kwenye hanga. Ile ambayo kasoro yake ni kishikizo au pindo, iende kwenye mfuko wa fundi. Zilizobana kabisa zitie kwenye begi ufunge zipu uliweke juu ya kabati au chini ya kitanda, sikwambii uzigawe, kama unazipenda zitunze, nachotaka tu zisiwe mbele ya macho yako kila asubuhi zikikwambia haufai. Utashangaa kitendo hiki kimoja kinavopunguza uzito moyoni.

Alafu chukua tepu ya fundi ujipime. Kifua pale penye upana zaidi, kiuno, nyonga pale makalio yalipojaa kabisa, andika kwenye simu. Usibane tepu, usivute tumbo ndani, hakuna anayekuona. Hizo namba ndo zako za sasa, na ndo utazitumia dukani badala ya saizi iliyoandikwa kwenye lebo, maana kila kiwanda kina vipimo vyake, 14 ya huku ni 16 ya kule na ni nguo za upana ule ule. Mi nilikuwa nalia kwa sababu ya lebo mpaka fundi wangu mmoja mama mtu mzima akaichukua ile lebo akaikata kwa mkasi mbele yangu akaniambia haya vaa sasa. Tangu siku hiyo nazikata zote.

Kununua, anza na za ndani. Sidiria ya kabla ya mtoto karibu hakika haikutoshi tena, na sidiria ikikataa hakuna blauzi itakayokaa. Mkanda wa mgongoni ukipanda juu kuelekea mabegani ujue umelegea mno, nyama ikimwagika juu ya vikombe ujue vikombe ni vidogo, na kamba za mabegani hazipaswi kubeba kazi yote, kazi ni ya ule mkanda wa chini ya kifua. Ukipata 2 au 3 zinazokutosha vizuri, hata ile blauzi uliyoidhani imekufa inaweza kufufuka.

Za juu, nunua chache zinazoelewana. Suruali 2, blauzi 4, zote rangi zinazokubaliana, tayari una mivao 8, weka koti moja la ofisini zikawa 16, na hapo hujagusa gauni. Kwenye koti na blauzi angalia mabega kwanza, mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia, maana bega ndo sehemu ngumu na ghali kwa fundi kurekebisha, kiuno na urefu ni kazi ya muda mfupi. Suruali kinyume chake, tosheleza sehemu yako pana kuliko zote, kama ni nyonga nyonga, kama ni tumbo tumbo, kisha fundi apunguze kwingine. Wengi tunafanya makosa hapa, tunachukua suruali inayofunga kiunoni huku mapajani inapiga kelele, au tunachukua kubwa kila mahali alafu tunaikaza na mkanda inajikunja kama mfuko.

Mkanda wa kiunoni uwe mpana, bapa mbele, lastiki iwe nyuma tu ambako koti linafunika. Na soma kile kitambulisho cha ndani kinachotaja kitambaa: ukiona elasteni au spandeksi asilimia 2 hadi 5 hapo pazuri, kitambaa kinavutika na kurudi bila kukung'ang'ania. Uzi huo ulitengenezwa mwaka 1958 na mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, walikuwa wanatafuta kitu badala ya mpira kwenye nguo za kubana za wanawake, nami kila nikikaa kikao kirefu bila kufungua kifungo kwa siri namshukuru.

Kabla hujalipa, kaa. Usisimame tu mbele ya kioo, tafuta kiti ukae dakika nzima, inua mikono juu kama unaandika ubaoni, inama kama umedondosha kalamu. Nina rafiki mwalimu, blauzi yake ilikuwa nzuri mno akisimama, akinyoosha mkono kuandika ubaoni inapanda mgongo wote uko nje, alikuja kugundua darasani. Nguo ikipita mitihani hiyo mitatu, yaani kukaa kunyoosha na kuinama, siku nzima hutaifikiria, na hilo la kutoifikiria ndo unalolitafuta mdogo wangu, ujasiri unakuja wenyewe pale ambapo akili haina kazi ya kulinda tumbo.

Na hilo gauni jeusi usilitupe, kama linakaa vizuri mabegani lipeleke kwa fundi alibane kidogo juu ya kiuno, chini ya kifua hivi, uone. Sweta litoe ubadilishe na koti jepesi lisilofungwa vifungo, linafunika zile sehemu unazoona haya na bado unaonekana umevaa. Alafu kikao kijacho kaa kiti cha katikati. Cha mbele utafika tu.

SWALI: Habari dada, mwanangu ana miezi 4 na bado namnyonyesha, nimerudi kazini wiki iliyopita. Juzi katikati ya kikao maziwa yalitoka yakalowesha blauzi ya bluu mpauko, miduara miwili kifuani, mbele ya wanaume 6. Nilitamani ardhi inimeze. Nafikiria kumwachisha ili niweze kwenda kazini kama watu. – Niliyeloa

JIBU: Mama pole, pole tena. Naomba usimwachishe kwa sababu ya blauzi. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza na kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, kwahiyo unachofanya ni kitu kikubwa na blauzi ina dawa yake.

Pedi za matiti, zile za kutupa au za kitambaa cha kufua, badilisha kila zinapolowa sio jioni tu, maana unyevu unaleta michubuko na fangasi. Ukihisi yale maziwa yanashuka, ule mchomo unaoujua, kunja mikono kifuani kama mtu anayesikiliza kwa makini na ubonyeze chuchu kwa nguvu kiasi kwa dakika moja, mara nyingi yanakata. Ila isiwe kila saa, maziwa yanatakiwa yatoke.

Rangi ndo adui yako sasa hivi. Bluu mpauko, kijivu chepesi, pinki, hariri na kitambaa chochote cha kung'aa, tone moja linaonekana kutoka mlangoni. Vaa nyeusi, bluu ya giza, au nyeupe kabisa ya pamba nzito, na bora zaidi ni nguo yenye maua au michoro midogo midogo mingi, hata ukiloa jicho la mtu linapotelea kwenye michoro. Kaa na koti au skafu kwenye kiti chako na blauzi moja ya akiba kwenye droo, ambayo hata kama hutaitumia miezi 3 itakulinda kwa kuwepo tu.

Mishono: vifungo vya mbele mpaka chini, au gauni la kupishana linalofungwa ubavuni kwa kamba. Hili gauni lilipata umaarufu mkubwa mwaka 1974 kupitia mbunifu Diane von Furstenberg, ambaye wakati huo alikuwa mama kijana wa watoto 2, na kwa anayenyonyesha ni mkombozi, linafunguka juu bila kuvua kila kitu, na kiuno unakifunga unavotaka, asubuhi tumbo dogo jioni limejaa unalegeza kamba. Weka kishikizo kidogo cha ndani pale linapopishana kifuani lisiachie.

Doa la maziwa, liwe lako au la mtoto aliyecheua begani mwako, anza na maji ya baridi. Maziwa yana protini na maji ya moto yanaipika ndani ya kitambaa, ukishafanya hivo doa halitoki. Baridi kwanza, sabuni, ndo uendelee.

Na sidiria, tafadhali, isikubane. Waya inayokaa juu ya titi au mkanda uliokaza unaweza kuziba njia za maziwa, titi likawa gumu, jekundu na homa ikapanda. Hiyo ikitokea nenda hospitali siku hiyo hiyo na usiache kunyonyesha au kukamua.

Kukamua sasa. Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 183 wa mwaka 2000, unaotaka mama apate likizo isiyopungua wiki 14 na akirudi apewe mapumziko ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi au apunguziwe saa, na muda huo uhesabike kama kazi na ulipwe. Sio kila nchi imeuridhia ila nyingi zina kifungu kinachofanana kwenye sheria zao za kazi, ulizia sheria ya kwenu inasemaje kisha omba kwa maandishi, barua fupi, saa ngapi na wapi. Chumba chenye kitasa kinatosha, sio chooni. Maziwa uliyokamua yanakaa hadi masaa 4 kwenye hali ya kawaida isiyo ya joto kali na hadi siku 4 kwenye friji. Ukikamua kwa ratiba hata kuloa kunapungua sana.

Hao wanaume 6 nao, naamini wengi wao walinyonya.

SWALI: Nilijifungua kwa upasuaji miezi 3 iliyopita. Kila suruali inakaa juu ya mshono wangu. Alafu dada naona aibu kuuliza hili, nikicheka au nikipiga chafya mkojo unatoka kidogo, naogopa kuvaa rangi yoyote zaidi ya nyeusi. Mama mkwe kanipa mkanda wa kubana tumbo anasema nivae kutwa hadi kazini. – Mwenye mshono

JIBU: Hakuna aibu hapa, umeuliza kwa niaba ya wengi sana.

Suruali za kiuno cha chini ziweke pembeni, mkanda wake unaangukia pale pale. Tafuta inayopanda mpaka kitovuni au juu yake, mkanda laini usio na kishikizo cha chuma mbele. Chupi hivo hivo, za pamba zinazopanda juu. Magauni yasiyokatwa kiunoni ndo rafiki zaidi kwa miezi hii. Sehemu ya mshono inaweza kukaa na ganzi au kuwasha kwa miezi na ni kawaida, ila ikiwa nyekundu, ikitoa maji au kunuka usilitatue kwa nguo, nenda kwa daktari.

Hilo la mkojo linatokea kwa wengi baada ya ujauzito, hata kwa waliojifungua kwa upasuaji, kwa sababu misuli ya sakafu ya nyonga ilibeba mzigo miezi 9. Lina tiba. Mazoezi ya kukaza ile misuli, kama unavozuia mkojo na hewa kwa pamoja, unakaza sekunde kadhaa unaachia, mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku, mfululizo kwa wiki 12 hivi, wengi wanaona tofauti. Ukiwa umekaa kwenye meza yako hakuna atakayejua unafanya nini. Lisipobadilika mwambie daktari akuelekeze kwa mtaalam, usikubali kuambiwa ndo uzazi huo uzoee. Kwa sasa vaa pedi nyembamba za mkojo, sio za hedhi maana hazikutengenezwa kwa maji mepesi, na uvae rangi unayoitaka.

Mkanda, mshukuru mama kwa upendo wake. Mkanda mwepesi wa kushikilia, kwa muda mfupi na kwa ushauri wa daktari wako, unaweza kukusaidia ujisikie umeshikwa. Ila ule wa kukaza mpaka pumzi inakata, kutwa nzima kwenye kiti, unasukuma mzigo chini kwenye ile ile misuli iliyochoka na hilo tatizo la mkojo unaweza ukaliongeza, na hauyeyushi mafuta. Kama ukikaa huwezi kuvuta pumzi ndefu, uvue.

SWALI: Bosi wangu kila tukikutana kwenye korido ananiambia umenenepa mama, uzazi umekukubali. Anacheka. Mi sicheki. Nivae nini asiseme? – Mchovu

JIBU: Hakuna nguo ya kumfunga mtu mdomo, mwenzangu, naomba usiitafute maana utamaliza hela. Shida iko kwenye ulimi wake. Siku akirudia mwangalie usoni, usitabasamu, mwambie kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sipendi mwili wangu uongelewe kazini," kisha endelea na jambo la kazi, ile ripoti nimekutumia umeiona? Wengi wanaacha hapo hapo maana hawakuwahi kuambiwa. Asipoacha, andika tarehe, alichosema na nani alikuwepo, peleka kwa ofisi inayoshughulika na wafanyakazi. Na uvae unachokipenda.

SWALI: Nywele zangu zinanyonyoka za mbele mpaka naona aibu, mtoto ana miezi 4. Nifanyeje kazini? – M.

JIBU: Wakati wa ujauzito nywele zilikawia kudondoka, sasa zinadondoka zote kwa pamoja, mara nyingi kilele ni karibu na huo mwezi wa 4 na kabla mtoto hajafika mwaka zinakuwa zimerudi. Usisuke za kuvuta mbele, ndo unaongeza tatizo. Kitambaa kizuri cha kichwa au bandi pana, hereni zinazoonekana, basi. Zikipita mwaka bado zinatoka, pima damu na tezi ya shingo.

SWALI: Da, mi watoto wangu wamekua, mkubwa ana miaka 13, nilikaa nyumbani kuwalea miaka 11. Nimeitwa kwenye usaili wiki 3 zijazo, ofisi. Nguo zangu za kazi ni za miaka hiyo, nikizivaa najiona kama picha ya zamani. Najua kazi, ila nikifikiria kuingia kwenye kile chumba na wasichana wa miaka 25 miguu inaisha nguvu. – Narudi Tena

JIBU: Hongera dada yangu, kwanza hongera, wamekuita kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye maombi yako na sio kwa sababu ya kabati.

Wiki 3 ni nyingi. Wiki hii tafuta kujua wanavaaje pale. Pita karibu na hiyo ofisi muda wa kutoka kazini, simama ng'ambo ya barabara dakika 15 uangalie, au muulize mtu anayefanya kazi pale. Kama wanavaa suti, vaa suti. Kama wanavaa kawaida, wewe panda ngazi moja juu yao, usipande tatu. Kisha rudi kwenye zile nguo zako za zamani kwa jicho hilo. Kinachopitwa na wakati kwenye koti ni mabega mapana yenye sponji, vifungo vya dhahabu, na urefu unaokata paja katikati, na vyote hivo fundi anavimudu: sponji inatolewa, vifungo vinabadilishwa, koti linafupishwa hadi kwenye nyonga. Kitambaa kizuri cha miaka 11 nyuma mara nyingi kinazidi cha leo, mi nina koti la sufu la zamani nimelibadilisha vifungo mara 2 na kila nikilivaa naulizwa nimelitoa wapi.

Usishindane na hao wa miaka 25 kwa kuvaa kama wao. Utajiona umeazima. Vaa nguo zenye mstari mnyoofu, rangi 2 au 3 tu mwili mzima, moja iwe ile inayokung'arisha uso, utaijua ukiisogeza chini ya kidevu mbele ya dirisha mchana, nyingine uso unachangamka nyingine unachoka. Tumia mwanga wa mchana, taa ya chumbani inadanganya.

Viatu pima upya, usitegemee namba yako ya zamani, na upime jioni mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku. Kisigino kifupi kinatosha kabisa. Vipya vitembelee ndani ya nyumba wiki nzima.

Na hili nisikilize vizuri: hiyo nguo ya usaili ivae mara 2 kabla ya siku yenyewe. Ivae masaa kadhaa nyumbani, pika nayo chai, kaa mezani uongee majibu yako kwa sauti, mwambie huyo mtoto wa miaka 13 akuhoji. Utaona kola inayokukera, kamba ya sidiria inayoteleza, sketi inayozunguka ukitembea, na utakuwa na muda wa kurekebisha. Siku ya kuingia kwenye kile chumba nguo itakuwa imeshakuzoea, we utabaki na kazi ya kuongea tu, na kuongea unaweza, mtu aliyesuluhisha ugomvi wa watoto na kupanga bajeti ya nyumba miaka 11 ana vingi vya kusema.

SWALI: Dada habari, mi ni mwanaume, natumaini sijakosea mlango. Mke wangu anarudi kazini wiki mbili zijazo, amekuwa mnyonge, anajaribu nguo anavua anakaa kimya. Nataka nimnunulie nguo kama sapraizi. Ninunue saizi gani? – Baba Kichanga

JIBU: Hujakosea mlango shemeji, karibu, natamani wangeandika wengi kama wewe.

Ila sapraizi ya saizi niachie. Ukileta ndogo atasikia unamtaka awe mwingine, ukileta kubwa atasikia ndivo unavomwona, na hakuna namna ya kupatia kwa kukisia. Mpe hela mkononi na mpe muda. Jumamosi mchukue mtoto kuanzia asubuhi mpaka mchana, wewe mwenyewe, usimpigie kuuliza nepi ziko wapi, ili yeye ajipime, aende dukani na kwa fundi akiwa na mikono yake miwili. Zile sentensi za ukipungua kidogo utapendeza zaidi, au unakumbuka ile nyekundu ilivokuwa inakukaa, usiziseme hata kwa nia njema. Akivaa akakuuliza vipi, angalia kweli, sema kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, hiyo rangi imekutoa, shingo imekaa vizuri. Ile ya uko sawa tu bila kuinua kichwa kwenye simu, soma barua ya kwanza hapo juu uone inavofika.

Zawadi kama lazima, mnunulie begi la kazini, zuri, lenye mfuko wa pembeni wa kuweka chupa na pedi na blauzi ya akiba. Begi halina saizi. Na kila asubuhi akishaoga, kabla hajavaa, mchukue mtoto umshike mpaka mama amefika mlangoni amevaa viatu, na uwe na taulo begani mwako, ili akicheua acheulie kwako.